Jezi Moja ya Karakana

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni zamani ya msimu uliopita, wakati bando la wiki lilikuwa bado linafika Ijumaa, palikuwa na timu ikiitwa Nyundo. Timu hiyo ilianzishwa na mafundi wa reli, na mashabiki wake walikuwa na jukwaa lao mtandaoni, wakaliita Karakana. Humo Karakana tulikuwa watu elfu thelathini, na kila mmoja alikuwa kocha. Wachezaji walikuwa kumi na mmoja tu, maskini ya Mungu.

Nisikilizeni basi, na anayejua mpira kuliko mimi anyamaze mpaka nimalize.

Watu elfu thelathini hawakai pamoja bila wasimamizi. Karakana ilikuwa nao watatu, wote wa kujitolea. Kujitolea maana yake hulipwi, hushukuriwi, na ukifuta tusi la mtu unatukanwa wewe.

Wa kwanza ni Bi Eliapenda, mwalimu mstaafu wa hesabu na mzee wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kufunga. Ukitukana, anakufungia wiki. Ukirudia, anakufungia mwezi. Ukimtukana mama wa mtu, anakufungia maisha. Mwanawe wa kumzaa alishafungiwa mwezi, na akala chakula cha mama yake mwezi mzima bila kusamehewa.

Wa pili ni Nkwabi, fundi friji. Kazi yake ilikuwa kukagua picha. Picha yoyote haikuonekana Karakana mpaka Nkwabi aibonyeze ipite.

Wa tatu ni Shomvi, fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kupatanisha. Watu wakishikana mashati, Shomvi anaingia na mzaha mmoja, na waliokuwa wanatukanana wanajikuta wanacheka.

Sasa iko jezi. Kila msimu unapofunguliwa, Nyundo hutoa jezi namba kumi na mbili, moja tu, kwa shabiki aliyeifaa timu kuliko wote. Kwa desturi yetu golikipa huingia uwanjani kabla ya wenzake, na mwenye jezi hiyo humtangulia golikipa. Hakuna fedha hapo, hakuna chakula. Ni kutembea hatua hamsini kwenye majani huku uwanja mzima umesimama. Lakini watu wameitamani jezi hiyo mpaka wamezeeka. Bi Eliapenda aliishabikia Nyundo miaka arobaini na hakuwahi kukanyaga majani yale. Nkwabi aliwahi kumuahidi marehemu baba yake kwamba mmoja wao ataivaa. Na Shomvi, huyo ndiye aliyekuwa anaishona. Kila mwaka anaishona, anaipiga pasi, anaikunja, anamkabidhi mtu mwingine.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa ligi. Nyundo wanacheza na Upinde, na sare inatosha kwetu kuchukua kombe. Dakika ya tisini ukaja mpira wa kutambaa, mpira ambao bibi yangu angeuzuia kwa ufagio. Ukapita katikati ya miguu ya golikipa wetu, Lugendo. Bao. Kombe likaenda Upinde.

Jioni ile Shomvi akafungua uzi, yaani mada mpya, Karakana. Aliandika: "Wakuu, tumchangie Lugendo ndoo. Mikono imekataa." Tulicheka. Mzaha ulikuwa wa kutuliza, alivyodhani yeye. Lakini kila aliyecheka aliongeza lake, na kila lililoongezwa lilikuwa na sumu kuliko lililotangulia.

Kesho yake, Jumapili saa tatu asubuhi, ikatokea picha. Lugendo amekaa mezani na katibu wa Upinde, wanakula pilau na kucheka. Chini yake mtu aliyejiita Msumari ameandika: "Haya, pilau la kuuzia mechi hilo." Basi. Karakana ikawaka. Lugendo katika picha amevaa kanzu, na watu wakasema kavaa kanzu ili asitambulike. Mwingine akaandika: "Afukuzwe leo leo, asilale na jezi yetu." Maneno hayo yalipendwa na watu mia nne na kumi na mbili. Mwandishi wake ni mimi. Msinitazame hivyo, endeleeni kusikiliza.

Uongozi wa Nyundo ulikuwa na kikao saa kumi jioni. Na kikao cha Nyundo hufunguliwa kwa kusoma Karakana, kwa sauti, kabla ya jambo lingine lolote. Barua ya kumfukuza Lugendo ilikuwa imeshachapwa, bado saini.

Saa tano Bi Eliapenda alikuwa kanisani, mahubiri yanaendelea, simu yake iko ndani ya kitabu cha nyimbo. Akaona mtu ameandika: "Anakaa nyuma ya ghala la pamba, geti la kijani. Tukutane hapo saa sita." Na chini yake watu sitini wameshajibu kwamba wanakuja. Bi Eliapenda hakungoja amina. Akaifunga Karakana. Si uzi, Karakana yote, nyuzi zake zote, jambo ambalo halijatokea tangu jukwaa lianze. Waliokuwa wanapanga njia wakakosa pa kupangia. Watu tisa tu ndio waliofika kwenye geti la kijani, wakatazamana, wakaona aibu, wakanunua miwa, wakarudi makwao.

Lakini kufunga nako kulizaa lake. Walionyimwa pa kusemea walisema vijiweni kwamba hata wasimamizi wamekula pilau.

Wakati huo Nkwabi alikuwa ameinama nyuma ya friji la mama muuza samaki, mikono imejaa grisi. Alipofuta mikono na kufungua simu ndipo alipoiona ile picha vizuri. Ni yeye aliyeipitisha. Saa tatu ile alikuwa na bisibisi mkono mmoja, akabonyeza kwa kidole gumba bila kutazama.

Sasa akatazama. Wenzake walitazama watu, yeye alitazama friji lililokuwa nyuma ya watu. Friji jeupe, mlango wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Hili nalijua," akasema.

"Unalijua friji?" akauliza mama wa samaki.

"Mama, la Bi Mwanahawa wa Mtaa wa Stesheni. Mwaka juzi nimelibadilishia mlango. Huo mpira niliutoa mimi, nikautupa mimi."

Ikiwa mpira bado upo pichani, basi picha ni ya kabla ya mwaka juzi, na kabla ya mwaka juzi Lugendo alikuwa hajaijua Nyundo wala jina. Nkwabi akapanda baiskeli. Akaliacha friji liko wazi, vibua vimo ndani. Akafika kwa Bi Mwanahawa, akapiga hodi, akaeleza.

Bi Mwanahawa akamtazama kwa huruma. "Baba, huyo ni mkwe wangu. Siku hiyo alikuja kuposa. Na huyo mnayemwita katibu ni baba mdogo wa binti yangu. Ulitaka ale wapi?"

Akaleta picha yenyewe, nzima, haijakatwa. Shehe yumo. Wazee wamo. Sinia la posa limo. Nkwabi akaipiga picha kwa simu, akampelekea Bi Eliapenda, naye akaifungua Karakana saa saba na kuiweka juu kabisa.

Mnadhani tuliamini? Hasira ikishakaa kitako haiinuki kwa kuonyeshwa shehe. Tulisema picha imetengenezwa. Tulisema friji si shahidi. Ilipofika saa nane maneno yalikuwa mabaya kuliko ya asubuhi, na kikao kilikuwa kimebakiza saa mbili.

Ndipo Shomvi alipoweka mkasi chini. Alikuwa hajalala vizuri kwa sababu ya ile ndoo yake. Akafungua uzi mpya, akaandika:

"Wakuu, mimi ni fundi wa miaka ishirini na mbili. Alhamisi nimekata suruali ya bwana harusi, mguu mmoja mfupi kwa vidole vitatu. Nikaikunja nikampa. Hakuna aliyesema nimenunuliwa na fundi wa jirani. Nani mwingine amewahi kukosea kazini?"

Kisha mtu mmoja akajibu: "Mimi ni mpishi wa shule. Nilitia sukari kwenye maharage ya watoto mia sita." Mwingine: "Mimi mpiga picha. Nimepiga harusi nzima kifuniko kiko kwenye kamera." Mwingine: "Mimi kondakta wa treni, niliteremka kununua mahindi, treni ikaondoka." Yakaja kumi, yakaja mia, yakaja mia nane. Watu walicheka peke yao majumbani mpaka wake zao wakawauliza kulikoni. Na katikati ya kicheko mtu akaandika: "Jamani, ile picha nimeiangalia tena. Kweli ni posa." Na mwingine: "Hata mimi naona." Mimi nami niliangalia tena, nikaona, na nilijisikia vibaya, nasema kweli.

Kisha akaja mmoja akaandika: "Fundi Shomvi, huyo bwana harusi ni mimi. Nilidhani nina mguu mmoja mrefu." Shomvi alipoteza mteja huyo, na ndugu zake saba.

Saa kumi katibu wa Nyundo akafungua Karakana kusoma. Akasoma maharage. Akasoma treni. Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka wake wa kwanza aliipeleka timu ugenini Jumamosi kumbe mechi ilikuwa Ijumaa. Barua ikachanwa. Lugendo akabaki.

Mkewe Lugendo alikuwa ameshafunga mizigo. Alipoambiwa, aliifungua mmoja mmoja, na Lugendo akaenda uani akalia. Hilo nalo tulilijua baadaye.

Basi jezi. Msimu mpya unafunguliwa, na safari hii wote tulikubaliana kwamba jezi iende kwa wasimamizi. Lakini jezi ni moja. Wakaitwa watatu mbele ya uongozi, kila mmoja aseme.

Bi Eliapenda akasema: "Mimi sitaki kuzunguka. Watu sitini walikuwa wanakwenda kwenye nyumba ya mtu. Nisingefunga, Nkwabi angeleta picha kwa nani, na Shomvi angemchekesha nani? Mlango ungekuwa umeshavunjwa. Nilitukanwa kwamba nimekula pilau, na mimi wali wenyewe daktari kanikataza. Tena kati yetu watatu, mimi peke yangu sikuwasha huo moto."

Nkwabi akasema: "Mwalimu anasema kweli, picha niliipitisha mimi. Silikatai kosa langu. Lakini kufunga mlango si kumsafisha mtu. Lugendo angeokoka siku hiyo, na angeitwa mwizi mpaka kufa kwake. Ukweli ulitafutwa na nani? Nisingekwenda kwa Bi Mwanahawa, Shomvi angewachekesha watu juu ya uongo, na wangecheka kisha wamfukuze. Vibua vya watu viliniozea. Mpaka leo nadaiwa samaki."

Shomvi akasema: "Shikamoo Mwalimu, na wewe Nkwabi nakuheshimu. Ndoo niliianzisha mimi, na bado inaniuma. Lakini mlango ulipofunguliwa, watu walikuwa bado na mawe. Ukweli ulipowekwa juu, watu waliutemea mate. Saa nane mchana kufuli la Mwalimu lilikuwa limeisha kazi, na picha ya Nkwabi ilikuwa imeisha kazi. Aliyewafanya watu watazame ni nani? Na jezi hii nimeishona misimu kumi na minne. Vipimo vyangu navijua."

Uongozi ukatazamana. Mwenyekiti akasema, "Lugendo aamue, ndiye aliyeokolewa."

Lugendo akakataa. "Mimi nilipewa sekunde moja kuamua, nifunge miguu au niiache wazi, na mliona. Msiniamulishe tena."

Ikapelekwa Karakana tupige kura. Lakini wasimamizi wetu wote watatu walikuwa ndio wanaopigiwa kura, kwa hiyo hawakuruhusiwa kuusimamia uzi huo. Uzi usio na msimamizi. Mnaweza kufikiri wenyewe. Baada ya saa tatu walikuwa wameshatukanwa mama wa watu wengi sana, na kura hazikuhesabika.

Uongozi ukachoka. Majina elfu thelathini yakawekwa kwenye kompyuta, ikaambiwa ichague mwanachama mmoja wa kawaida, aseme yeye, na akisema imekwisha. Kompyuta ikachagua. Ikanichagua mimi.

Ndiyo maana nimewakusanya hapa. Sikulala vizuri wiki hii. Bi Eliapenda amenipigia simu kunikumbusha kwamba hataki upendeleo, kwa sauti ya mtu anayeutaka. Nkwabi ametengeneza friji langu, na hakutaka hata soda. Shomvi hajasema kitu, ila amenitumia salamu kwamba jezi imeshapigwa pasi.

Na jana akanipigia Lugendo mwenyewe. Nilidhani atanitajia jina. Akasema: "Kaka, mpe unayeona. Ila ujue kitu kimoja. Kesho nitakapotoka kwenye lile lango, uwanja ule ule, watu wale wale, nitakuwa natetemeka. Sitatazama majukwaani, siwezi. Nitatazama mgongo wa huyo atakayenitangulia, basi, mpaka nifike golini kwangu. Nichagulie mgongo huo."

Mtu niliyeandika afukuzwe ananiita kaka.

Haya, mpira ni saa kumi, na jina linatakiwa kabla ya adhuhuri. Yupo aliyefunga mlango. Yupo aliyekwenda kuutafuta ukweli. Yupo aliyewarudishia watu macho yao. Ninyi mlionyamaza mpaka nimalize, sasa nimemaliza, semeni: je, mgongo wa nani unastahili kuwa mbele ya Lugendo?