Nyumba ya Matofali ya Plastiki na Kinywa cha Bi Perege

Paukwa!

Pakawa!

Watoto nimewasikia. Watu wazima mmejifanya hamumo, na hadithi hii ni yenu kuliko yao. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini si za kale mno, maana umeme ulikuwepo na plastiki ilikuwepo, palikuwa na tangi la kioo. Lilikaa sebuleni, katika nyumba moja kwenye mji wenye mawe mengi kando ya ziwa. Ndani ya tangi kulikuwa na maji, chini ya maji changarawe, na kwenye kona bomba la hewa linalosema bwabwabwa, bwabwabwa, kutwa kucha, bila kuchoka wala kujibiwa.

Humo waliishi samaki. Alikuwemo Kambare, mkubwa wa wote, ndevu ndefu, kinywa kipana kama mlango wa ghala. Alikuwemo Dhahabu, samaki mwekundu anayeng'aa, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kujitazama kwenye kioo. Alikuwemo Konokono, mzito wa kusema, mwepesi wa kulamba. Alikuwemo Dagaa, msichana, mwembamba kama sindano, na ulimi wake sindano vilevile. Na alikuwemo Bi Perege. Huyo ndiye mwenye hadithi. Mshikeni, msimwachie.

Tangi lile lilikuwa na baraza, na baraza lilikuwa na sheria. Kambare alipiga mkia kwenye kioo, pu, pu, wote wakakusanyika. Akatoa hoja, akamuuliza kila mmoja. Anayesema, amesema. Anayenyamaza, amekubali. Basi. Sheria nyepesi, tamu, inamaliza mambo haraka. Na kama mnavyojua, sheria inayomaliza mambo haraka humpendeza zaidi yule anayeitamka.

Sasa, kwanza katikati ya tangi palikuwa na jumba. Jumba la dukani, limefinyangwa kwa chokaa, limepakwa rangi ya fedha na zambarau. Likawaka. Dhahabu alilipenda hadi akasahau kula. Lakini siku zilipopita rangi ikaanza kubanduka. Ikabanduka kidogo, ikabanduka tena, vipande vikaelea kama majani makavu. Maji yakawa machungu. Ganda la Konokono likaota madoa meupe. Samaki wakawashwa, wakajikuna kwenye changarawe, kwaru, kwaru, kwaru.

Ndipo Mkono ukashuka. Mkono huo ulikuwa wa mtoto wa nyumba ile, Kabula, lakini samaki hawakumjua Kabula. Wao waliujua Mkono, ule unaonyunyiza chakula. Mkono ukalitoa jumba, ukabadilisha maji, wote wakapona. Lakini katikati ya tangi pakabaki peupe. Hakuna pango, hakuna kichaka, hakuna pa kujificha.

Kwa wengine lilikuwa jambo dogo. Kwa Bi Perege lilikuwa jambo la uhai.

Maana ukoo wa perege una desturi yake. Mama perege hawatupi watoto majini wajitafutie. Huwabeba kinywani. Wakiwa mayai, kinywani. Wakitoka kwenye mayai, kinywani. Na muda wote huo hali, hasemi, hapigi hata mwayo. Kinywa kimefumbwa, macho yanasema. Hatawaachia mpaka apate mahali wanapoweza kujibanza.

Na Bi Perege alikuwa na watoto kinywani. Mashavu yamevimba, tumbo limebonyea, mgongo umekuwa kama wembe. Chakula kikishuka kutoka juu, wenzake wanagombania, yeye anakitazama kikipita puani. Kinywa kimefumbwa, macho yanasema. Awaachie wapi? Pote ni peupe, na hapo peupe ndipo anapopita Kambare.

Kambare mwenyewe alishasema, tena bila aibu, kwamba hana ubaya na mtoto wa mtu. Ila kinywa chake kikiona kitu kidogo, hufunguka chenyewe.

Siku moja mchana samaki wakaona kitu nje ya kioo. Mkono unaosha matofali ya plastiki, yale ya kuchezea watoto, mekundu, manjano, buluu. Unayaosha kwa maji matupu na mswaki, sabuni hakuna. Tofali moja lilikuwa na karatasi ya picha imebandikwa, Mkono ukaibandua, ukasugua gundi hadi ikaisha. Kisha ukapanga. Ta, tofali juu ya tofali. Ta, ta, ta. Halitiwi gundi, halitiwi udongo, tofali linauma tofali na kushika. Ikatoka nyumba. Ina mlango mwembamba, ina madirisha, ndani ina vyumba vidogo vidogo. Kingo zote laini.

Mkono ukaishusha majini. Loo, nyumba ikakataa kuzama. Ikapanda, ikaelea juu kama kifuu cha nazi. Samaki wakacheka. Dhahabu akasema ameona mengi, lakini nyumba inayoogopa maji hajaiona. Mkono haukukasirika. Ukailaza nyumba ubavu, hewa iliyojificha chini ya matofali ikatoka, bu, bu, bu, ukaizamisha tena, ukaikandamiza miguu kwa changarawe. Nyumba ikatulia, ti.

Bi Perege akaitazama. Akauangalia mlango. Akaangalia kichwa cha Kambare. Akauangalia mlango tena.

Konokono naye hakungoja kuulizwa. Akaipanda polepole, akalamba ukuta mwekundu, akahamia wa manjano, akalamba, akalala humohumo. Kesho yake akaamka, akalamba tena.

Ndipo mkia ukapiga kioo. Pu, pu. Baraza.

Kambare akafungua kikao kwa kukumbusha maumivu. Nani amesahau yale madoa? Nani amesahau kujikuna? Mkono ulileta jumba, jumba likatutia sumu. Sasa umeleta kingine. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hoja yake ikawa kwamba wote waipige nyumba kwa mikia mpaka ianguke, Mkono uone imekataliwa, uitoe.

Dhahabu akaunga mkono, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine. Alisema nyumba haina nakshi, haing'ai, na ukijitazama ukutani hujioni.

Dagaa akaomba nafasi. Aliongea kutoka nyuma ya bomba la hewa, maana ushujaa si ujinga.

"Shikamoo, Mzee Kambare."

"Marahaba, binti. Kuwa mfupi."

"Mfupi nimeshakuwa, mzee, nilizaliwa hivyo. Nauliza tu. Konokono, umeilamba nyumba hii?"

"Nimeilamba," Konokono akasema.

"Ina ladha gani?"

"Haina ladha."

"Na lile jumba?"

Konokono akafikiri. "Lile lilikuwa na ladha. Ndiyo maana niliumwa."

Dagaa akageukia baraza. Akaeleza kwamba rangi ya jumba ilikuwa nguo, imevaliwa juu, na nguo huvuka. Rangi ya tofali ni mwili wake. Likwaruze, likung'ute, ndani ni nyekundu vilevile. Jumba liliwadhuru kwa sababu rangi yake ilibanduka majini, halikuwadhuru kwa kuwa lililetwa na Mkono. Na Mkono uleule ndio uliolitoa. Mbona la kuleta linakumbukwa, la kutoa linasahauliwa?

Kambare akavuta ndevu. Wenye nguvu wakikosa jibu huenda moja kwa moja kwenye kura, hilo nadhani mmeliona hata nje ya maji. Akaanza kuuliza. Dhahabu akasema ianguke. Konokono akasema ibaki, yeye ameshapazoea. Dagaa akasema ibaki. Kambare mwenyewe akasema ianguke.

Wakabaki wanamtazama mmoja.

"Bi Perege," Kambare akauliza, "nyumba ianguke?"

Bi Perege akamtazama. Akaitazama nyumba. Kinywa kimefumbwa, macho yanasema. Lakini sheria ya tangi haikujua kusoma macho.

"Amenyamaza," Kambare akasema. "Amekubali. Ianguke."

Akainua mkia.

Hapo Dagaa akatoka nyuma ya bomba. Akasahau ushujaa, akasahau ujinga, akaja katikati peupe, mbele ya kinywa kile kipana.

"Mzee, hajanyamaza. Amezibwa. Kinywa chake kimejaa watoto, na wewe unajua. Akikifungua aseme hapana, hilo jibu lake litaishia tumboni mwako. Hiyo ni ridhaa ya wapi?"

Hata Dhahabu aliacha kujitazama.

Kambare akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria ni sheria, na kila mmoja ajibu.

"Basi ajibu kwa mwili," Dagaa akasema. "Mpisheni. Tuone ataelekea wapi."

Wakampisha. Konokono kwa sababu alikuwa mzito kuhama, akajisogeza nusu hatua, ikahesabika. Dhahabu akarudi nyuma. Bi Perege akaogelea, taratibu, mgongo wembe, mashavu yamevimba. Akafika kwenye nyumba. Akaingiza kichwa dirishani. Na kwa mara ya kwanza tangu maji yale yabadilishwe, akafungua kinywa.

Puu.

Watoto wakatoka kama punje za uwele zinazomwagwa ungoni. Wakajitawanya kwenye vyumba vidogo vidogo, huyu nyuma ya tofali jekundu, huyu chini ya la manjano, wengine wamejipachika kwenye mashimo ya matofali kama waliokatiwa kipimo.

Kinywa cha Kambare kikaona vitu vidogo. Kikafunguka chenyewe. Akachomoka, shwaa, akaenda na ukubwa wake wote.

Gonga! Pua ikakutana na ukuta.

Akarudi nyuma, akaja tena. Gonga! Akajaribu mlangoni, kichwa kikakwama kwenye ndevu. Akachomoka, akaja kwa ubavu. Gonga! Changarawe ikaruka, maji yakatibuka, Bi Perege akakimbilia mlangoni akajipachika kama komeo. Nyumba ikatikisika. Tofali likauma tofali. Halikung'oka hata moja. Na zile kingo laini hazikumchana yeyote, hata Kambare hakutoka damu. Alitoka nundu tu.

Akatulia chini, akihema.

Bi Perege naye akatulia. Wote wakangoja. Sauti iliyokaa imefungwa muda mrefu haitoki kwa mara moja, hujipapasa kwanza.

"Asante, mwanangu Dagaa," akasema. "Nilikuwa napiga kelele muda wote. Wewe ndiye uliyesikia."

Dagaa, mwenye ulimi wa sindano, akarudi nyuma ya bomba kwa haya.

Bi Perege akamshukuru Konokono, aliyelala kwenye nyumba ngeni kabla ya mtu yeyote kuiamini. Akaushukuru Mkono, uliokosea, ukajifunza, ukaja safari ya pili na matofali yaliyooshwa kwa maji matupu. Akayashukuru matofali, moja moja, jekundu, manjano, buluu, na hakuna aliyemcheka. Kisha akamgeukia Kambare.

"Na wewe, mzee, asante. Umeipiga kwa nguvu zako zote mbele ya macho yangu. Sasa ninaweza kwenda kula."

Akaenda kula. Alikula kama aliye harusini. Chakula kiliposhuka, Dhahabu mwenyewe alimpisha, akasema, bila kuangalia kioo, kwamba ukitazama kwa upande fulani, ile nyekundu inafanana naye kidogo.

Na Kambare? Kambare hakubadilika akawa malaika, kinywa ni kilekile. Lakini siku baraza lilipokutana tena, mmoja wa wale watoto, ameshakua, ameshaingia kikaoni, aliulizwa hoja akabaki kimya. Kambare akainua mkia aseme amekubali. Akajigusa nundu puani. Mkia ukashuka.

"Huyu amenyamaza," akasema. "Muulizeni kwanza, kinywani ana nini?"

Na hiyo ndiyo sheria ya tangi mpaka leo.

Basi shikeni mafunzo. Kizuri si kile kinachowaka machoni, kizuri ni kile unachoweza kuishi nacho bila kukudhuru. Na kimya cha mtu usikiite ndiyo kabla hujajua amebeba nini. Ukipata mmoja aliyesema kwa ajili yako ulipokuwa huwezi, mshukuru mapema, mshukuru kwa sauti, kinywa kingali wazi.

Hadithi yangu imezama hapo, imetulia chini, ti. Atakayeitaka ataikuta ilipo, haina rangi ya kubanduka.