Mistari ya Jivu Uani kwa Mize

Siku ile uani walikuwapo Mize, mumewe Makame, na zimwi lililolala chini ya udongo, maana nyua za zamani, wanangu, zilikuwa na wenyewe.

Makame alichora bustani yao kwa jivu: hapa mchicha, hapa kuku, hapa migomba inywe maji ya kuoshea vyombo. Zimwi likapuliza, mistari ikapotea. Akachora tena, likapuliza. Alipochora mara ya tatu likanguruma, "Nikipuliza hii, mtahama."

Mize hakuwa na kwao kwingine. Akapiga magoti. "Babu, wewe hulala wapi?"

"Kichwa changu kipo penye mchicha. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Makame, sogeza mchicha."

"Amekuwa mkwe huyu?" Makame akanung'unika, lakini akausogeza.

Zimwi likalala. Mwaka uliofuata migomba ilizaa, wakala na majirani.