Mkurugenzi na Choo Kimoja

Kabla hujaituma hii kwenye kundi la ukoo, mtumie kwanza yeyote unayemjua anayekaa kwenye kamati.

Daktari Nekesa alikuwa mtafiti wa afya ya jamii. Kwa miaka kumi na mmoja alizunguka boma kwa boma akitafuta jibu la swali moja: kwa nini kipindupindu kinarudi kila masika, ilhali kaunti imelijengea kila boma choo?

Jibu alilipata mwaka wa kwanza tu. Alipewa na Mzee Wafula, ambaye choo chake kilikuwa kisafi kuliko jikoni, ila yeye mwenyewe alikuwa akienda mtoni.

"Mzee, mbona hukitumii?" Nekesa aliuliza.

"Daktari, choo ni kimoja na mke wa mwanangu anakitumia. Mimi baba mkwe nitaingia vipi alikotoka yeye? Heshima itabaki wapi?"

Nekesa akauliza katika maboma mia nne. Wazee walimjibu vilevile. Akaandika ripoti: kila boma lipewe vyoo viwili ili wazee waache kwenda mtoni, maana maji ya kunywa yanatoka mto huohuo.

Mkurugenzi wa afya, Bwana Khisa, alipima uzito wa ripoti kwa mkono akairudisha mezani.

"Choo ni choo. Wananchi waelimishwe."

Basi wakaelimishwa. Wakachapishiwa mabango. Mwaka uliofuata wakachapishiwa fulana. Ndiyo, fulana. Wazee wakazivaa vizuri kabisa, wakaenda nazo mtoni. Nekesa naye kila mwaka alirudi na ripoti, na kila mwaka aliambiwa yaleyale, mpaka akawa anayasikia hata akiwa anapiga mswaki.

Mwaka wa kumi na mmoja Mkurugenzi alimwambia aje nyumbani Jumapili, kwa kuwa ofisini hana nafasi. Aliishi katika nyumba ya serikali yenye choo kimoja. Mwanawe alikuwa amekuja kumtembelea pamoja na mkewe.

Wakanywa chai. Mkurugenzi akanywa vikombe vitatu. Mara mke wa mwanawe akatoka chooni, akasalimu kwa mbali, akapita. Mkurugenzi akaanza kujipinda kitini. Mwishowe akachukua funguo za gari.

"Narudi sasa hivi."

Nekesa akamuuliza mke wa Mkurugenzi, "Amekwenda wapi?"

"Kituo cha mafuta. Tangu mkamwana afike, choo cha humu ndani hakiingii."

Mkurugenzi alirudi baada ya dakika ishirini, uso umemkunjuka. Nekesa alikuwa bado ameshika ripoti.

"Mkurugenzi, Mzee Wafula hana gari."

Bwana Khisa aliangalia mlango wa choo, akamwangalia mkewe, kisha akaomba kalamu. Vyoo viwili kwa kila boma vilipitishwa palepale, juu ya meza ya chai.

Alipomaliza kutia sahihi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Lakini Daktari, jambo zito namna hii, mbona hukutuambia mapema?"

Nekesa alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, kwa sababu masika ya mwaka ule yalikuwa yameshazika watoto tisa.

Funzo: Ukingoja shida ya watu ibishe hodi nyumbani kwako ndipo uiamini, usiwaite wao wajinga, na usiulize kwa nini wamechelewa kukuambia.