Kiganja cha Feruzi

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii ina swali mwishoni na sitaki kujibiwa na mtu anayekoroma.

Palikuwa na ndugu watatu, wenyeji wa Tabora. Tunu alikuwa na jicho: akikiona kitu mara moja, hakimtoki tena. Hamdani alikuwa na subira. Mchele wa arusi za mtaa mzima aliuchambua yeye, mwanamume, na wala hakujali kuchekwa. Mwajabu alikuwa na mikono. Kikombe kilichovunjika akikiunga, unakinywea chai na hakivuji.

Walikuwa na mdogo wao, Feruzi. Homa ilimchukua kabla hajapigwa picha hata moja. Alichoacha ni alama ya kiganja, aliyoikandamiza kwenye saruji mbichi ya kizingiti cha mlango wa uani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mama yao, Bi Chausiku, aliinama, akaweka mkono wake pale, akalia kidogo, kisha akaendelea na kazi zake.

Mumewe, Mzee Athumani, aliyaona machozi yale yakamchoma. Bi Chausiku alipokwenda Urambo kumuuguza dada yake, mzee akaita mafundi. Wakakarabati nyumba, wakavunja kizingiti, wakatandika vigae vyeupe. Alidhani akiiondoa alama, na machozi yatakwisha. Masikini, alimpenda mkewe.

Bi Chausiku akarudi, akaikuta nyumba inang'aa. Akachutama mlangoni, akapapasa vigae.

"Baba Tunu," akasema, "mwanangu yuko wapi?"

"Nilitaka upumue, mke wangu."

"Umemzika mara ya pili, na safari hii hukuniita."

Watoto wakaitwa waje kusafisha. Uani palijaa kifusi: matofali, lipu, mifuko mitupu ya saruji, vumbi hadi ndani ya masufuria. Lori la kuzoa lilikuwa njiani.

Tunu akalizunguka rundo lile, vipande vyote vya kijivu, vyote sawa. Akainama, akaokota kimoja. "Hiki ni kidole gumba chake. Kilipinda hivi hivi." Bila Tunu, nani angejua anatafuta nini?

Hamdani akalirudisha lori lilikotoka, akakaa chini na chekeche. Akachekecha kifusi chote, beleshi kwa beleshi, hadi vidole vikachubuka. Mama akamsihi, "Basi, baba, pumzika." Hakupumzika. Bila Hamdani, vipande vingine vingekwenda kufukia mashimo ya barabara.

Mwajabu akaviosha kwa mswaki, akavigeuzageuza, akaviunga kimoja kimoja juu ya mkeka, hataki kusemeshwa. Bila Mwajabu, mama angebaki na kokoto kwenye ungo.

Kidole cha mwisho hakikuonekana. Hata hivyo Bi Chausiku akaweka mkono wake. "Ni yeye," akasema. Wote wakalia, na mzee akalia kuwashinda.

Miaka ikapita, Bi Chausiku akaugua. Siku ya kuaga dunia alisema, "Kiganja cha Feruzi mpeni yule aliyenirudishia mwanangu." Hakutaja jina. Na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa kila mmoja aliamini ametajwa yeye.

Baada ya arobaini wakaketi, kiganja kikiwa mkekani katikati yao. Kila mmoja alikuwa na kwake, mbali na mwenzake, na kitu kile kilikuwa kimoja.

"Nilikitambua mimi," akasema Tunu.

"Ungetambua nini, dada, kama lori lingeondoka nacho?" akauliza Hamdani.

"Na mimi je?" akasema Mwajabu. "Kama ni kukigawa, kivunjeni nyinyi. Mimi siwezi."

Mzee Athumani, ambaye sasa angebaki peke yake katika nyumba ile, akakohoa.

"Siku ile saruji ikiwa mbichi, fundi alitaka kuisawazisha. Mimi ndiye niliyemwambia aiache alama. Na mimi ndiye niliyeivunja. Sijui nahesabiwa wapi, wanangu. Ila kabla hamjaamua, naombeni niiguse."

Basi mimi nimeishia hapo, wala sijui walivyoachana. Nyinyi mlionisikiliza, je, kiganja kile mngempa nani? Semeni polepole. Mzee anasikia.