Jina Alilosukumia Chapati

Niapieni kwanza kwamba neno hili halitavuka kizingiti. Mmeapa? Vyema. Aliyenipa aliniapisha hivyo hivyo, na tazameni, hata chai yake haijapoa tumboni.

Mwanamke mmoja alikuwa na Jina moja la Mungu, akalikalia kama kuku juu ya yai lake la pekee. Ni Satwant Kaur, Kalasinga mjane, mkubwa wa jiko la hekalu katika mji mmoja wa reli. Jiko la Makalasinga humlisha kila apitaye bila kumuuliza atokako, na desturi yao ni kwamba mpishi ataje Jina la Mungu tangu unga mpaka moto, ili mlaji ale pamoja na baraka. Satwant alisukuma chapati akisema, "Waheguru, Waheguru." Ikifura motoni, alitikisa kichwa: Jina limeingia.

Akaja Ndinda, Mkamba wa ng'ambo ya reli, kusaidia kwa hiari yake. Huyu alisukuma akitaja la kwao, "Mulungu, Mulungu," kwa mwendo wa kuchezesha mabega. Na chapati zake, nisameheni, zilifura kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Hilo ndilo lililomchoma Satwant. Akamwondoa kwenye kibao cha kusukumia, akamtuma kuteka maji.

Kumbe kila asubuhi mzee msomaji wa Kitabu chao aliimba Ram, Hari, Allah, Rahim, yote majina ya Yule mmoja. Satwant aliinamisha kichwa akayapokea yote. Masikio tu ndiyo aliyoyaacha mlangoni, pamoja na viatu.

Tangu Ndinda aondolewe kibaoni, jiko lilinuna. Chapati zilitoka bapa kama soli. Ikafika sikukuu yao ya Vaisakhi, wageni wamejaa mpaka uani, na kapu la chapati halijafika nusu. Satwant alijiuliza: je, leo mgeni ataondoka na njaa katika nyumba ya Mungu, tena kwa mkono wake? Akafumba macho, akasukuma. Mkono ukatafuta mwendo, ukaupata.

Ukumbini sala ilikuwa imefika mwisho, watu wote wamesimama kimya. Ndipo kupitia kidirisha cha chakula ikaingia sauti tamu: "Mulungu, Mulungu! Rahim, Ram, Waheguru, Mulungu!"

Ukumbi mzima ukahamia mlango wa jiko. Walimkuta Satwant macho kafumba, unga mpaka viwikoni, mabega yanacheza, na chapati motoni zikifura moja baada ya nyingine. Alipofumbua macho, Jina la Kikamba lilikuwa bado mdomoni. Mzee msomaji alicheka hata akashika kilemba kisidondoke.

Ndinda akatua ndoo, akanawa mikono, akaketi mbele ya kibao bila kualikwa.

"Mama," akasema, "na huyo unayemwita, ni wangu au ni wako?"