Mstari Mmoja wa Jina

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi, ni ya juzi tu, masufuria yake bado ninayo, palikuwa na sekondari katika mji mdogo wa Kizangaze, kule milimani Upare, mji wa barabara moja na tangawizi kila mahali. Mpishi wake nilikuwa mimi. Wanafunzi walinibatiza Mama Upawa, kwa sababu upawa wangu haukumjua mtoto wa mwenyekiti wala mtoto yatima. Sahani moja, upawa mmoja. Sogeeni basi, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana nikimaliza nina kazi ya kuwapa.

Shule ile ilikuwa na gazeti la ukutani, jina lake Kengele. Liliandikwa kwa mkono na kubandikwa kila Ijumaa kwenye ubao nje ya bwalo, mkabala na dirisha langu la kugawia chakula. Haliendi ubaoni bila muhuri wa mkuu wa shule, Mwalimu Mrutu. Na hata makala iandikwe na nani, anayeinakili ni mmoja tu, Mbonea wa kidato cha nne, kwa kuwa mwandiko wake ulinyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Waandishi wenyewe hawakuweka majina.

Sasa sikilizeni. Bweni la wasichana lilikuwa likifungwa kwa kufuli, tena kwa nje. Matroni anafunga, ufunguo anautia mfukoni, anakwenda kulala kwake ng'ambo ya mto. Ikatokea mtoto wa kidato cha kwanza akabanwa na pumu humo ndani. Wenzake waligonga mlango mpaka mikono ikavimba. Mimi nilipofika alfajiri kuwasha moto nikawasikia, nikakimbia kumwita matroni huku kanga ikinivuka. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Kufuli likabaki palepale. Nami nikanyamaza. Mpishi ana sauti gani shuleni?

Aliyeshindwa kunyamaza ni Nambike. Huyo alikuwa mpole, ukimpa chakula anashukuru mara mbili. Kitanda chake kilipakana na cha yule mgonjwa. Akaandika makala, yote aliyoyaona na kuyasikia, akampelekea Mbonea.

Mbonea akaisoma, akaketi chini.

"Nambike, hii Mwalimu Mrutu haipigi muhuri hata iweje."

"Basi ichane."

Hakuichana. Aliinakili yote, na mwishoni akaongeza mstari wake mwenyewe: *Ufunguo unalala kwa matroni, dada zetu wameachiwa Mungu.* Ijumaa akaibandika bila muhuri.

Ilikaa ubaoni tangu kengele ya chai hadi kengele ya mstarini, haikuzidi hapo. Mwalimu Mrutu alikuja mwenyewe, akaibandua, akaipenyeza dirishani kwangu. "Mama, hii ni ya moto." Nikaitia jikoni. Naam, mkono huuhuu. Nikaitazama ikijikunja.

Mstarini akauliza, "Mwandiko ule wa nani?"

Hakuna aliyeinua mkono. Watoto mia nne wamesimama tu. Akamgeukia dada mkuu, Salha.

"Dada mkuu, nakuuliza wewe. Mwandiko wa nani?"

Salha akaangalia viatu vyake. "Wa Mbonea, Mwalimu."

Jamani! Shule nzima ilijua. Lakini kujua ni kitu kingine, na kutaja ni kitu kingine.

"Mbonea, umetunga wewe?"

"Nimenakili, Mwalimu."

"Nani kakupa?"

Mbonea akaangalia mbele.

"Nenda nyumbani. Siku ukilikumbuka jina, rudi nalo."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki kumi. Nambike alikuwa mstari wa pili, namwona vizuri kutoka dirishani. Alifungua mdomo. Mbonea akamwangalia, akatikisa kichwa, hivi, kidogo tu. Mdomo ukafungwa. Mbonea akabeba sanduku lake akashuka mtaani. Nambike akanyamaza, nami nikanyamaza kwa mara ya pili, nikarudi kusonga ugali. Roho iliniuma, lakini nilisonga.

Zikapita wiki saba. Yakaja mahafali.

Mgeni rasmi alikuwa Afisa Elimu wa wilaya, mama mmoja mrefu, hacheki ovyo. Mkobani alikuwa na fomu. Chuo cha uandishi wa habari kilitoa nafasi moja kwa wilaya nzima, miaka miwili bure, chakula na malazi, matokeo ya mtihani yawe yoyote, kwa mwanafunzi aliyefanya jambo la maana kupitia gazeti la shule. Mwalimu Mrutu alikwishamwandaa kijana mmoja aliyetunga shairi la kumsifu nani? Mwalimu Mrutu.

Likaja igizo la kupanda miti. Salha alikuwa Mama Msitu, amevikwa majani ya mgomba kuanzia shingoni. Alitakiwa aseme, "Enyi wanadamu, mbona mnanikata?" Akasogea mbele. Akavua majani, moja moja, akayaweka chini. Kisha akaanza kuisema ile makala. Neno kwa neno! Aliisoma mara moja tu siku ile, kikombe cha chai mkononi, na yote alikuwa nayo kichwani.

"Zimeni hicho kipaza sauti!" Mwalimu Mrutu akapiga kelele.

Kikazimwa. Sauti ya Salha ikakatika, nikadhani amekwisha. Kumbe alikuwa anameza mate. Akaendelea kwa koo lake, mpaka wazazi wa viti vya nyuma wakasimama ili wasikie vizuri. Mkuu wa shule akapanda jukwaani, akasimama karibu naye kabisa.

"Shuka."

Salha akasogea hatua moja mbele. Hakushuka. Akaumalizia mstari wa mwisho, ule wa ufunguo na matroni, akimtazama mgeni rasmi.

Mgeni rasmi akainuka. "Naomba kuuona huo mlango."

Walikwenda, watu nyuma yake kama msafara wa harusi ila bila wimbo. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni, kwa nje. Akalishika, akalichomoa, akalitia mkobani mwake. Halafu akageuka.

"Nani aliyafichua haya?"

"Mimi," akasema Nambike.

"Mimi pia," ikasema sauti kutoka nyuma ya ua wa michongoma. Ni Mbonea. Alikuja kutazama mahafali ya wenzake kupitia tundu la ua, maana getini alikatazwa.

Akaitwa ndani. Mgeni rasmi akaiweka fomu mezani, akasema nafasi ni ya aliyefanya jambo hili. Mstari wa jina ulikuwa mmoja, na walikuwa watatu. Na asinidanganye mtu kwamba mmojawao alikuwa na mjomba tajiri. Wote watatu, kidato cha nne kilikuwa ukuta. Mlango ulikuwa ile fomu.

Nambike akasema, "Maneno ni yangu. Bila mimi Mbonea angenakili nini, na Salha angesema nini? Nilinyamaza, kweli. Lakini Mbonea mwenyewe alinitikisia kichwa, na wiki saba chakula hakijanishuka. Mama Upawa ni shahidi."

Ni kweli, alikuwa akirudisha sahani nusu.

Mbonea akasema, "Maneno yako yangefia daftarini. Aliyeyapeleka ubaoni ni mimi, na mstari wa mwisho ni wangu. Aliyefukuzwa ni mimi. Wenzangu wanarudia masomo, mimi nang'oa tangawizi kwa watu. Nimebakiza wiki tatu za kusoma mambo ya miaka minne. Hii nafasi nikiikosa, nina nini?"

Salha akasema, "Karatasi ilichomwa. Ninyi wawili mliandika na kufuli likabaki. Mimi nimesema, limetoka. Na Mwalimu Mrutu hapa ndiye atakayeandika tabia yangu kwenye cheti changu, mnajua ataandika nini."

"Umefuta kosa lako tu," Mbonea akamwambia. "Nani alinitaja?"

Machozi yakamlenga Salha. "Nilikutaja. Ningemdanganya mwalimu mbele ya shule nzima? Haya, ni kosa langu. Wangapi hapa wana makosa, na wangapi wamepanda jukwaani kuyafuta?"

Hapo mimi nikaangalia chini.

Afisa akawatazama walimu. Walimu wakamtazama Mwalimu Mrutu. "Ninyi nyote mna upande," akasema Afisa. "Nani hapa hana upande?"

Watoto wakapiga kelele, "Mama Upawa!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama yule akanipa kalamu mkononi. "Dada, nasikia hujawahi kumpunja mtu. Leo sahani ni moja. Pakua."

Lau wangejua! Kumpa kalamu mtu aliyeusikia ule mlango ukigongwa akanyamaza, aliyeichoma karatasi kwa mkono wake, tena kwa kuambiwa mara moja tu. Nikawatazama wale watoto. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye sikuwa nimemlisha miaka minne.

Niliandika jina. Aliyeandikwa hakushangilia. Alikuja karibu akaninong'oneza, "Mama, una hakika?" Na wawili waliokosa waliniamkia, "Shikamoo, mama," vilevile kama siku zote, wakaenda zao. Nilishindwa kuitikia.

Jina siwaambii, mtaanza kunipongeza au kunisuta, na sikuwaitia hayo. Kalamu hii hapa, nawapa ninyi. Yupo aliyetunga, mwenzake akafukuzwa naye akanyamaza. Yupo aliyebandika, akafukuzwa, asimtaje mtu. Yupo aliyemtaja mwenzake, kisha akasimama peke yake jukwaani mpaka kufuli likatoka. Mstari ni mmoja, na gari la mgeni limeshawashwa.

Je, nani alistahili?