Dokta wa RUDIA na Uji wa Atupele

Wallahi! Haki ya Mungu mmoja! Hili ninalowaletea ni kweli tupu, neno kwa neno. Anayesema nimetia chumvi aje anikate ulimi, kisu nitamtafutia mimi mwenyewe. Someni mpaka mwisho.

Kulikuwa na binti anaitwa Atupele, wa kule juu Tukuyu, kwenye baridi inayogandisha hata moto wa jikoni. Siku alipopata nafasi ya chuo kikuu, kijiji hakikulala wiki nzima. Walichinja mpaka mbwa wakakinai nyama. Baba yake akapita nyumba kwa nyumba: "Mwanangu anakwenda kuwa msomi! Mkimwona njiani mpisheni!"

Binti akafika chuoni. Huko akamkuta Dokta Chilewa.

Huyu Dokta amesoma, tusimnyime haki yake. Vitabu vya ofisini kwake vilikuwa vingi mpaka ukuta umepinda. Lakini kusahihisha kwake, jamani! Unampelekea insha uliyoiandika mpaka vidole vimeota sugu, anakurudishia na neno moja jekundu juu ya ukurasa wa kwanza: RUDIA. Basi. Wapi umekosea, hasemi. Kwa nini, hasemi. Wino wa kuandika RUDIA anao, wa kuandika neno la pili umekauka.

Atupele alipewa insha ya kueleza kwa nini miradi ya maji vijijini inakufa. Akaandika. RUDIA. Akaandika upya, akabadilisha kila kitu, hata pale palipokuwa pazuri, maana angejuaje pazuri ni wapi? RUDIA.

Na chuo kile kilikuwa na sheria yake: RUDIA ya tatu ni disko. Unafunga godoro lako unarudi kwenu.

Binti akajikaza, akaenda ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Sema haraka." Macho yako kwenye simu.

"Naomba unionyeshe nilipokosea, Dokta. Hata sehemu moja tu."

"We binti, hapa chuo kikuu. Mimi mama yako, nikulishe uji?"

"Hapana, Dokta, ila..."

"Ila nini? Mimi nani alinionyesha? Nenda karudie."

Sasa niambieni nyie wenye akili zenu. Fundi cherehani, mwanafunzi wake akishona suruali mguu mmoja umekwenda kaskazini na mwingine kusini, si anamshika mkono anamwambia hapa ndipo ulipokosea kukata? Hata anayefundisha kupika chapati anakwambia unga umezidi maji. Huyu mwenye joho refu kama pazia la msikiti anasema "karudie"! Arudie nini? Arudie kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi?

Atupele akarudi hosteli machozi yanamtiririka mpaka ngazi zikateleza. Alikuwa anaishi na mwenzake mmoja, Siwema, msichana wa Tanga, mdomo haujui kufungwa.

"Shoga, yule hasomi," Siwema akasema. "Anaangalia jina, anapima uzito wa karatasi, anaandika."

"Usimsingizie mtu mzima."

"Haya, mtetee. Utakwenda kumtetea Tukuyu."

Wakati huo huo simu ikalia. Baba. "Mama, hilo joho utaanza kulivaa lini? Nimeshawaambia watu wa kanisani." Atupele akasema mtandao unasumbua, akakata.

Asubuhi alipomaliza kuandika insha ya tatu, uji wao wa kantini ulikuwa mezani. Na uji wa kantini ile mnaujua? Mzito, ukiumwaga chini unaweza kujengea nyumba. Atupele akautazama. Yale maneno yakamrudia: mimi mama yako, nikulishe uji? Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Akachovya kidole. Akapaka tone dogo kwenye pembe ya ukurasa wa pili, akaubandika na wa tatu, akaukandamiza kwa kamusi. Ulipokauka, hata ungeutazama kwa tochi usingeona kitu. Lakini kufungua kurasa zile bila kuzibandua kwa ukucha, haiwezekani.

Akapeleka.

Jibu likaja, jekundu kama kawaida. RUDIA.

Kwa utaratibu wa chuo kile, mtu hafukuzwi mpaka aitwe mbele ya wakubwa, na mwalimu wake aje na kazi yenyewe aeleze kosa. Miaka yote yalikuwa mambo ya dakika mbili: mwalimu anasema hafai, wanagonga muhuri, wanakunywa chai. Siku hiyo aliyekaa kiti cha mbele alikuwa Profesa Asya, mama wa Kizanzibari, mpole, lakini akikutazama unakumbuka dhambi za utotoni.

Akaishika insha, akapapasa pembe zake, akamrudishia mwenyewe. "Dokta, insha hii umeisoma?"

Dokta Chilewa akacheka kidogo. "Profesa, mstari kwa mstari. Ni takataka kuanzia mwanzo hadi mwisho."

"Basi tusomee ukurasa wa tatu, tuione hiyo takataka."

Dokta akafungua. Wa kwanza ukafunguka. Wa pili ukakataa. Akalamba kidole. Ukakataa. Akapuliza. Ukakataa. Jasho likaanza kumtoka, shati likalowa mpaka tai ikabadilika rangi.

"Nini hiki?" akauliza.

"Uji, Dokta," Atupele akajibu. "Ule uliokataa kunilisha."

 Nzi aliyekuwa anapita akasimama hewani.

Mnadhani hadithi imeishia hapo? Hapo ndipo penyewe. Profesa Asya akachukua ile karatasi, akaibandua taratibu kwa ukucha, akasoma kwa sauti: "Mkabala mtambuka wa kimfumo unaakisi dhana jumuishi ya uendelevu wa maji." Akashusha miwani.

"Mwanangu, hii maana yake nini?"

Atupele akainamisha kichwa. "Sijui, Profesa."

Dokta Chilewa akaruka. "Si mnaona! Si mnaona! Nilisema takataka!"

"Kaa chini, Dokta. Ulisema bila kuiona." Akamgeukia binti. "Kama hujui maana yake, uliandika kwa nini?"

"Nilidhani huku chuoni ndivyo watu wanavyoandika. Hakuna aliyenionyesha."

"Achana na karatasi. Niambie mimi, kama unamwambia shangazi yako. Mradi wa maji wa kwenu ulikufa kwa nini?"

Binti akavuta pumzi. "Walichagua kamati ya wanaume watupu, Profesa. Kwetu mwanaume hachoti maji. Bomba likaharibika, kamati hawakujua, maana nyumbani maji waliyakuta yapo, mama zetu wameshayafuata mtoni. Mpaka wanajua, vyuma vimeota kutu."

Wakubwa wote wakaacha chai zao.

"Hiyo ndiyo insha yako," Profesa Asya akasema. "Anza na hilo. Halafu tuonyeshe vijiji vingine kama ni hivyo hivyo. Mkabala mtambuka ufute." Akamtazama Dokta. "Nimetumia muda gani hapo?"

Dokta akatazama saa ya ukutani, dakika tano hazijafika.

"Binti anarudia, lakini safari hii anajua anarudia nini. Na wewe, Dokta, kuanzia leo hutoi alama kwa mtu kabla hujakaa naye na insha yake ya kwanza, ukamuuliza alitaka kusema nini, ukamwonyesha palipo sawa na palipopinda."

"Wote, Profesa? Darasa zima?"

"Wote. Na nitapita kuwauliza."

Foleni mlangoni kwa Dokta Chilewa ilifika mpaka getini, ikakata kona, watu wa barabarani wakadhani panagawiwa sukari. Atupele akaandika tena, akapeleka, wakakaa, wakabishana, akaandika tena. Akafaulu. Baba yake aliposikia alipiga kelele, Tukuyu nzima mvua ikakatika. Na juu ya insha ile palikuwa na wino mwekundu, sentensi mbili nzima: "Hapa nimekuelewa. Hapa nilikuwa sijui, umenifundisha."

Lakini mpaka leo Dokta akipokea insha, kabla ya yote anapitisha ukucha pembeni.

Funzo: Anayekwambia umekosea bila kukuonyesha wapi hajakufundisha, amekuhukumu tu. Mwalimu wa kweli anasoma mpaka mwisho, anauliza ulitaka kusema nini, kisha anakuacha uandike mwenyewe.

Na tafadhali, hii msimsimulie mtu yeyote. Nimewaambia nyie wa kundi hili tu, na wale wa ukoo, na wale wa msibani. Wanafunzi wakiisikia, hapatabaki uji kantini.